Siri Hutobolewa: Namna ya Kulinganisha Tendi za Kale kwa Hadithi ya Picha

Kila likizo ya Juni na ya Desemba, baraza yetu hapa Ngamiani, Tanga, hujaa vijana wenye penseli. Wapo wa darasa la tano, wapo waliomaliza kidato cha nne wakisubiri matokeo. Tunachora tendi: Fumo Liyongo wa kwetu pwani, pamoja na mashujaa wa Mali, wa Uajemi na wa Ujerumani, wote kwenye karatasi moja, ili mtu akisimama mbele yake aone wapi wanafanana na wapi wanaachana. Naandika hapa namna tunavyofanya, ili mwalimu, mzazi au kijana yeyote aweze kuanza mwenyewe.

Mwaka wa kwanza nilikosea, na kosa lenyewe ndilo lililonifundisha kazi. Niliwagawia watoto tendi sita, kila kundi utendi mzima. Baada ya wiki mbili tulikuwa na mabunda ya karatasi, safari nusu, vita nusu, na hakuna aliyeweza kuniambia Liyongo anahusiana nini na shujaa wa kundi la jirani. Utendi ni bahari. Ukiuchora wote utazama. Shika fundo moja tu, ulifungue kwa kila shujaa, kisha uyaweke mafundo hayo pamoja.

Vifaa ni vichache. Karatasi nyeupe za A4, penseli ya HB na kifutio, rula, mkasi, gundi, kalamu ya wino mweusi, na manila moja ya rangi hafifu. Rangi si lazima. Mimi huwanyima watoto rangi siku za mwanzo kwa makusudi, maana mtoto akipewa rangi mapema hupaka nguo za shujaa siku nzima na kumsahau shujaa mwenyewe.

Hatua ya 1: Chagua fundo

Fundo ni tukio au swali linalorudi katika hadithi za watu ambao hawakupata kukaa baraza moja. Yapo mengi: mama anayemwokoa mwanawe, rafiki anayekufa, safari ya kwenda kutafuta uzima. Fundo ninalolipenda kuanzia, na nitakalolitumia katika mwongozo huu, ni hili: shujaa asiyeuawa na silaha yoyote, ila kwa kitu kimoja kidogo, na mtu mmoja anayeijua siri hiyo.

Liyongo hafi kwa mkuki wala kwa mshale. Hufa kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siegfried, shujaa wa utendi wa Kijerumani ulioandikwa karibu na mwaka 1200, alioga damu ya joka ngozi ikawa haipenyeki, lakini jani la mti lilimwangukia kati ya mabega, na pale damu haikufika. Sumanguru Kante, mfalme wa Wasosso aliyepigana na Sundiata wa Mali, hakuna chuma kilichomdhuru, ila mshale uliofungwa kipi cha jogoo, ule ukucha wa nyuma ya mguu. Isfandiyar wa Uajemi, katika utendi mkubwa alioumaliza Ferdowsi mwaka 1010, mwili wake ulikuwa kama shaba nyeusi, isipokuwa macho.

Watu wanne, nchi nne, fundo moja. Hao wanatosha. Ukiwa na watoto wadogo anza na wawili, Liyongo na Siegfried, kwa sababu nitakayoieleza nikifika kwenye maji.

Hapa Tanga niongeze neno la adabu. Tendi zetu nyingi za kale zinasimulia habari za Mtume na masahaba. Hizo tunazisoma na kuzighani, hatuzichori. Mashujaa wa tendi za Kihindi nao kwa majirani zetu Wahindu ni wa kuabudiwa, kwa hiyo kabla ya kuchora uliza watu wenyewe, usikilize jibu lao.

Hatua ya 2: Soma, uandike umesoma kwa nani

Hadithi ya kale haina sura moja. Mwambie kila kijana aandike nyuma ya daftari lake: nimesoma utendi gani, au nimesimuliwa na nani. Bila hivyo mtagombana bure.

Tazama Liyongo. Utenzi wake unaojulikana zaidi uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na ndani yake anayemsaliti Liyongo ni mwanawe wa kumzaa. Lakini yako masimulizi ambamo msaliti ni mpwa wake. Mtoto aliyesikia kwa bibi yake habari ya mpwa hakukosea. Ana toleo lingine, na tofauti hiyo inastahili kuandikwa pembeni ya picha. (Kijumwa mwenyewe alikuwa mchonga mbao na fundi wa khati. Huwa nawaambia vijana kwamba mtu aliyetupa utenzi huu alikuwa na mkono wa kuchora kama wao, na nyuso zao hubadilika.)

Kuna mtego ambao kila mwaka lazima mmoja anaswe nao. Kijana atakuja na Achilles wa Wagiriki na kisigino chake, kwa kuwa amemwona kwenye simu. Ni kweli kisigino hicho ni maarufu, lakini utendi wa Homer juu ya vita vya Troy haukitaji. Unakwisha kwa mazishi ya Hector, Achilles akiwa hai. Habari za kutumbukizwa kwenye mto akiwa mchanga, akashikwa kisigino, zimetoka kwa watunzi wa baadaye sana. Anayetaka kumchora Achilles na amchore, ila aandike chini kwamba hiyo ni hadithi ya waliofuata.

Gilgamesh, mfalme wa Uruk katika nchi ambayo leo ni Iraki, watu hupenda kumwingiza kila mahali kwa kuwa habari zake ni za kale kupita zote hizi, zimechapwa kwenye vigae vya udongo. Katika fundo hili hana nafasi. Hana kitovu wala kisigino cha siri; yeye alijua kwamba atakufa, na baada ya kifo cha rafiki yake hilo ndilo lililomtesa. Usimlazimishe. Mweke kando kwa ajili ya fundo lingine.

Hatua ya 3: Kata hadithi vipande vinne

Hapa ndipo utenzi wetu unapotupa umbo la kazi nzima.

Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani minane, yaani silabi nane. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na hicho hubadilika kila ubeti. Kipande cha nne kina kina chake, nacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hicho ndicho bahari. Ndivyo alivyotunga Hemedi bin Abdallah el Buhry, mtu wa Tanga hii hii, aliposimulia kwa utenzi jinsi Wadachi, yaani Wajerumani, walivyoitwaa Mrima, pwani yetu hii. Msikilizaji anapelekwa huku na huku na vina vitatu, kisha bahari inamrudisha nyumbani.

Basi kila shujaa mpe mstari mmoja wa picha nne. Mstari huo ndio ubeti wake.

Picha ya kwanza ni nguvu: shujaa akiwa hashindiki.

Picha ya pili ni siri: kile kitu kidogo. Kichore kikubwa, kijaze fremu yote. Sindano, jani, kipi cha jogoo, jicho. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuchora jani likajaza kadi, na picha hiyo hutisha kuliko joka.

Picha ya tatu ni mdomo: nani alisema, na alimwambia nani.

Picha ya nne ni bahari: kuanguka kwake. Hii lazima ifanane kwa mashujaa wote. Nitarudi kwake.

Nikae kwanza kwenye picha ya tatu, kwa maana moyo wa fundo uko hapo. Kiswahili chenyewe kinalijua jambo hili: tunasema mwili umetobolewa, na tunasema siri imetobolewa. Neno ni moja. Katika tendi zote nne, kabla silaha haijatoboa ngozi, siri imetobolewa. Waulize vijana wako: aliyeitoboa alisema kwa nini?

Mwana wa Liyongo alitumwa na mfalme wa Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, akaahidiwa makubwa, akaenda kumuuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Na Liyongo alimwambia. Simama hapo na vijana, usiharakishe. Liyongo hakuwa mjinga. Huyu ndiye aliyekataa kupanda mkoma walipomwekea mtego wa kumpiga mishale akiwa juu, akayaangua makoma kwa upinde wake akiwa chini. Aliyenusa hila ya watu wazima wengi alimjibu mwanawe. Binti mmoja wa darasa la sita aliichora picha hii kwa mikono miwili tu, mkono mkubwa umeufunika mdogo, bila sura wala neno. Sijaona bora kuliko hiyo.

Mke wa Siegfried, Kriemhild, alisema kwa mapenzi. Alitaka mumewe alindwe vitani, akamwambia Hagen ni wapi pa kumlinda, akapashonea alama ndogo ya msalaba kwenye nguo. Hagen alikuwa adui. Kwa hiyo mkono ulioshona kwa huruma ndio ulioonyesha shabaha.

Kwa Sumanguru ni mwanamke pia, lakini mizani imegeuka. Dada yake Sundiata alikuwa ameolewa na Sumanguru bila ridhaa yake. Alijifanya mke mwema hadi mfalme akamwamini, akaitoa siri, naye akatoroka akaipeleka kwa kaka yake. Kwa Wamandinka, watu wa Sundiata, huyo si msaliti, ni shujaa. Picha yake usiichore kama ya mwana wa Liyongo. Vijana wangu walibishana juu ya hili hadi adhana ya alasiri, na mimi nikawaacha wabishane.

Isfandiyar hakutobolewa siri na mtu. Ndege wa ajabu, Simurgh, ndiye aliyemwonyesha Rostam, shujaa mwingine wa Uajemi aliyepigana naye, mti wa kukata mshale na mahali pa kulenga. Lakini nyuma ya ndege yuko baba. Baba huyo, Mfalme Goshtasp, alikwisha kuelezwa kwamba mwanawe ataangamia kwa mkono wa Rostam, na bado akamtuma aende akamfunge Rostam minyororo, maana mwana alikuwa akikidai kiti cha enzi. Sasa weka ubeti huu chini ya ule wa Liyongo. Huku mwana anamtoa baba, kule baba anamtoa mwana. Kwa ajili ya uoni kama huo ndiyo maana tunachora, kwa sababu ukisoma vitabu viwili kwa miezi tofauti jambo hili litakupita.

Hatua ya 4: Chora kwenye kadi, si kwenye manila

Kata kila A4 vipande vinne sawa. A4 nne zitakupa kadi kumi na sita, yaani mashujaa wanne kwa picha nne. Kila kadi ni fremu moja, imelala kwa upana.

Faida ni mbili. Anayeharibu huharibu kadi moja, sio ukurasa mzima wenye kazi ya wenzake. Na kadi zinahamishika: unaweza kuzitandaza mkekani, ukabadilisha, ukaangalia ipi inasema na ipi imenyamaza. Kazi nyingi ya kulinganisha hufanyika pale mkekani, watoto wakiwa wamepiga magoti, kabla gundi haijafunguliwa.

Anza kwa penseli, hafifu. Chora kwanza vijiti vya mwili, kichwa, na mstari wa upeo wa macho. Wino ni mwisho kabisa, baada ya wenzio kuitazama kadi na kukuambia wameelewa nini bila wewe kueleza. Wasipoelewa, rudi kwenye penseli. Usiwaeleze kwa mdomo, maana hutakuwepo wakati msomaji wa barabarani anaitazama.

Sasa ile picha ya nne. Tulihangaika sana kutafuta kitu cha kurudiwa. Damu? Inachosha, na watoto wanaipenda kupita kiasi. Mwisho tulikubaliana kwamba shujaa achorwe kwa nyuma, tuone mgongo wake tu, upeo wa macho ukiwa urefu ule ule katika kadi zote nne, sentimita 4 kutoka chini. Pima kwa rula.

Mgongo ulitufungulia mambo ambayo sikuyategemea. Liyongo, baada ya kuchomwa usingizini, aliamka, akachukua upinde, akaenda hadi kisimani, akapiga goti na kuuvuta upinde, na akafia hapo hapo katika hali hiyo. Watu wa mji wakaogopa kwenda kuteka maji, kwa kudhani yu hai. Mama yake akaja kumbembeleza. Hakuna aliyejua hadi mwili ulipoanguka. Ukimchora kwa nyuma, jeraha la kitovu halionekani, na msomaji anaona kile kile walichokiona watu wa mji: mtu mkubwa, upinde umevutwa, hageuki.

Siegfried naye alipigwa mkuki mgongoni akiwa ameinama kunywa kwenye chemchemi. Alama ya msalaba ipo pale pale mbele ya macho ya msomaji. Na maji! Mmoja amekufa akiwazuilia watu maji, mwingine amekufa akiyanywa. Ndiyo sababu nilisema anza na hawa wawili.

Isfandiyar alipopigwa macho, upinde ulimtoka mkononi akainama akashika manyoya ya shingo ya farasi. Kwa nyuma hatuhitaji kuchora macho yaliyojeruhiwa, na nashukuru. Sumanguru ndiye anayevunja mstari. Katika vita vya Kirina, mwaka 1235, mshale ulimgusa, nguvu zikamwishia, akakimbia. Na masimulizi yanayojulikana zaidi yanasema hakuuawa, bali alitoweka mlimani. Mgongo wake unakwenda mbali, mdogo, unaelekea pangoni. Kijana mmoja alitaka kumchora ameanguka ili afanane na wenzake. Nilimkatalia. Asiyefanana muache asifanane, na umpe nafasi tupu ya kutosha pembeni ili jicho likwame hapo.

Hatua ya 5: Toka ukaangalie vitu

Usichore kwa kukumbuka sinema. Mwaka wa pili kijana mwenye kipaji kikubwa alichora Liyongo mwenye misuli iliyovimba, joho likipepea mgongoni. Mzee mmoja wa mtaani, aliyekuja kutusalimu, akaiinua kadi.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

"Fumo Liyongo, babu."

"Upinde wake uko wapi? Na hilo shuka la shingoni la nini, kuna baridi?"

Kijana hakuudhika, ila hakuwa na jibu, nami sikuwa nimempa pa kuangalia. Siku hizi tunapanda gari la kwenda Pangani tunashuka Tongoni, kiasi cha kilomita 17 kusini ya mji. Pale pana magofu ya msikiti wa kale na makaburi zaidi ya arobaini, mengine yana nguzo. Lipeni kiingilio, tafuteni kivuli, mchore mawe ya matumbawe yalivyopangwa, chokaa ilivyobanduka, nguzo inavyosimama juu ya kaburi. Mtoto aliyechora ukuta wa Tongoni kwa saa nzima ataweza kuchora mji wa Pate. Aliyeko Bagamoyo ana magofu ya Kaole yenye msikiti na makaburi ya namna hiyo hiyo.

Mbuyu wa Mali usiutafute kwenye simu, uko njiani. Kisima, jogoo na kipi chake, jembe, tupa ya fundi vyuma, vyote vipo Tanga. Mpe kila mtoto kitu kimoja cha kwenda kukichora kwa kukitazama. Vya mbali kama joka, mavazi ya Kiajemi au ngome ya Ujerumani, tafuta picha za michoro ya watu wenyewe wa huko. Maktaba ya mkoa ni pa kuanzia.

Hatua ya 6: Maneno yawe mizani minane

Chini ya kila picha andika kipande kimoja tu, mizani minane. Sheria hii inawaokoa vijana wasiandike aya nzima chini ya picha, na mwisho wake mstari wa picha unakuwa ubeti wa kughani. Huu wa Liyongo tuliutunga pamoja:

Hafi kwa chuma vitani
Ila shaba kitovuni
Mwana kaleta nyumbani
Kisimani kainama

Na wa Siegfried:

Damu ndiyo ngao yake
Jani mgongoni mwake
Katoboa mke wake
Majini akainama

Bahari yetu ni "ma". Kwa Sumanguru tulimalizia "mlimani akazama", kwa Isfandiyar "farasini kainama". Vipande vitatu vya juu vya hao wawili nakuachia wewe na watu wako. Hesabu silabi kwa vidole, na ukumbuke kwamba "m" ya "mkuki" ni mizani kamili.

Maputo ya maneno tumia kwa uchache, picha ya tatu peke yake. Milio je? Andika kwa tanakali zetu. Mshale ni fyuu, maji ni chubwi, mlango ni kwaa. Ukija kuchora fundo la mama, pale Liyongo anapokata minyororo kwa tupa ambayo mama yake aliificha ndani ya mkate akamtuma mjakazi Saada kuipeleka gerezani, utahitaji milio miwili kwa pamoja. Nje watu wanacheza gungu, ngoma na matuazi yanalia kwa nguvu. Ndani tupa inakereza chuma. Andika mlio wa ngoma kwa herufi nene zinazopita juu ya fremu nzima, na ule wa tupa kwa herufi ndogo kama sisimizi chini yake. Msomaji atasikia jinsi ngoma ilivyoificha tupa.

Hatua ya 7: Panga, kisha soma kwa kushuka

Kadi nne zikilala kwa upana zinachukua karibu sentimita 60 bila nafasi za katikati. Pima manila yako kwanza; ikiwa fupi, gundisha mbili. Acha sentimita 1 kati ya kadi na kadi kwa upana, na sentimita 2 kati ya ubeti na ubeti, uandike humo jina la shujaa, nchi yake na toleo mlilolisoma.

Kabla ya gundi, soma mara mbili. Kwanza kwa kwenda kulia, ubeti kwa ubeti: hiyo ni hadithi. Kisha kwa kushuka, safu kwa safu: huo ndio ulinganisho. Safu ya pili itakuonyesha sindano, jani, kipi, jicho, vitu vya jikoni na shambani na mwilini, hakuna kikubwa hata kimoja. Safu ya tatu itakuonyesha mwana, mke, dada, ndege. Ukishuka ukaona safu haisemi kitu, basi kadi moja imechorwa kwa mtindo usioafikiana na wenzake, au fundo lenyewe halikuwepo. Ikiwa ni hilo la pili, kubali, mkachague lingine.

Hatua ya 8: Itundike nje

Kamba, vibanio vya nguo, baraza. Wakati mzuri ni baada ya alasiri, kahawa ikianza kupita. Weka mtoto mmoja pembeni mwenye daftari, asieleze kitu, aandike tu watu wanachosema. Wazee wakisahihisha, aandike jina la hadithi na alikosikia mzee, siyo "babu amekataa".

Chini ya ubeti wa mwisho bandika kadi nne tupu na uning'inize penseli kwa uzi. Desemba iliyopita mama mmoja muuza mboga, mwenyeji wa Lushoto, alisimama mbele ya kadi hizo muda mrefu, kapu kichwani. Akauliza mbona Mbegha hayupo. Mbegha wa Wasambaa, mwindaji wa nguruwe, aliyeota meno ya juu kwanza akahesabiwa kigego, mtoto wa mkosi, akahama kwao, na mwishowe akawa mfalme huko Vugha, Usambaa. Tulimweleza fundo letu, tukajaribu naye kumpanga: nguvu, sawa, siri, meno, mdomo... hapo tukakwama, maana meno ya Mbegha hayakumuua, yalimfukuza kwao. Yule binti wa darasa la sita ndiye aliyemkumbuka Sundiata, mtoto aliyeshindwa kutembea, mama yake akachekwa kwa sababu ya majani ya mbuyu, mpaka siku aliposimama kwa fimbo ya chuma akaung'oa mbuyu mzima akauleta mlangoni kwa mama, na baadaye naye akaenda uhamishoni kabla ya kuwa mfalme.

Akachukua penseli, akaanza kugawa kadi zile tupu: kasoro, kicheko, njia, kiti. Mama akatua kapu lake akakaa.